Karavani ya Masieda na Dereva wa Endasak

Masieda, 6 Aprili 2025

Kaka Onesphory,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Ninaandika nikiwa nimekaa mlangoni, mvua imekatika kidogo, na ninaamini karatasi hii itakukuta wewe na wifi Konsolata mkiwa wazima. Sisi huku hatujambo. Mahindi yamefika magotini. Maharage yameingiwa na wadudu lakini tumemwachia Mungu na majivu. Yule mbuzi wa pembe moja amezaa mapacha. Kwaya yetu imepata kinanda, mpigaji bado.

Utajiuliza kwa nini sikupigi simu. Usikasirike kaka yangu. Kila nikikupigia kwa jambo la maana, mtandao wa Endasak unakatika. Nikizungumza habari za mbuzi haukatiki. Basi nimeona niandike, nimpe kondakta wa basi la Katesh, maana barua ukishaifungua inabidi uisome mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni karavani. Unawakumbuka wale wazee wawili wa kizungu niliokuwa ninawapikia, waliokuja misimu minne kuhesabu ndege wa bondeni. Walipoondoka moja kwa moja waliniachia ile nyumba yao ya magurudumu, na karatasi yenye saini kwamba ni ya Hilaria. Tangu hapo imesimama pembeni ya kanisa la kigango, mwaka wa nne huu. Watu wanaiita sanduku la wazungu, na kuku wanataga kwenye sinki.

Sasa Judica, mwanangu, amepangiwa ualimu huko kwenu Hanang, Getanuwas. Kazi ipo, watoto wapo, nyumba ya mwalimu hakuna. Analala kwenye stoo ya shule pamoja na majembe, madawati yaliyovunjika na popo. Ameniambia, "Mama, nitavumilia mpaka likizo ya Juni, nitarudi Julai nijaribu tena. Ikifika Septemba bado niko na hawa popo, ninaacha kazi ninarudi nyumbani." Na huyu mtoto akisema kitu huwa amekwisha kukifanya moyoni. Karavani ina kitanda, ina meza, ina mlango wa kufunga kwa ufunguo. Ikifika Getanuwas, Judica amepona.

Na haiwezi kubaki hapa. Padre Clement ametangaza kwamba tarehe 15 Agosti kuna kipaimara, na uwanja wa kanisa uwe mweupe kabla ya siku hiyo. Sanduku likiwa bado lipo, litakatwa na bati zake zitaezekea choo.

Gari la parokia tumeruhusiwa, lina nguvu na lina chuma cha kuvutia nyuma. Linaendeshwa na Alfredi, lakini Alfredi hajawahi kuvuta kitu kirefu kuliko jenereta, anaogopa. Nikamwambia usihangaike, ninaye kaka yangu Endasak aliyeendesha trela kutoka Dar mpaka Lubumbashi miaka kumi na moja. Kwenye harusi yangu ulitusimulia zile kona mpaka wazee wakashika viti. Njoo kaka, uivute.

Ni mimi mdogo wako,
Hilaria

---

Endasak, 27 Aprili 2025

Mdogo wangu Hilaria,

Marahaba. Milele amina. Barua imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai ya kondakta lakini maneno yote yamesomeka. Huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Mlima umefunikwa na mawingu wiki ya pili, hatujauona. Konsolata anakusalimu, anasema bado anasubiri ile mbegu ya maboga. Mimi goti la kulia linanisumbua, hasa asubuhi.

Habari ya Judica imenisikitisha. Mtoto aliyesoma hawezi kulala na popo. Hilo la karavani umefikiri vizuri na utafanikiwa, mradi ufuate ninavyokuambia. Watu wanadhani trela inavutwa kwa nguvu ya gari. Safari ya trela inaharibika au inakwenda vizuri ikiwa bado imesimama.

Kwanza matairi. Usiangalie meno, meno yatakudanganya. Tairi lililosimama miaka minne meno yake ni mapya kama ya mtoto, lakini limeoza ubavuni. Piga magoti, angalia ubavu. Ukiona nyufa kama kisigino cha mtu wa shambani, hilo tairi halivuki hata Haydom. Na uangalie kabla hujaligeuza gurudumu, usije ukapoteza upande lililokalia siku zote, maana upande uliogusa chini ndio unaopasuka.

Pili beringi. Inua kwa jeki upande mmoja, weka mawe mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili, mawe mawili kila mahali, siyo moja. Zungusha gurudumu kwa mkono na utege sikio. Likisema kama mtu anatafuna karanga, vunja, osha, paka grisi mpya.

Tatu paa. Mvua ikiacha, ingia ndani, papasa kuta kwenye pembe. Mahali palipo laini maji yanaingia. Ziba juu, siyo ndani. Nne, ile miguu minne ya chuma kwenye kona, inayoshushwa nyumba isitikisike. Yote ipande kabisa kabla ya kuondoka. Nimeona kwa macho yangu mtu amesahau mmoja.

Kuhusu kuja mwenyewe, ngoja tumalize palizi, na hili goti litulie. Tumwombe Mungu.

Kaka yako,
Onesphory

---

Masieda, 18 Mei 2025

Kaka,

Shikamoo. Pole sana na goti, nimeliwekea nia kwenye misa ya Jumapili, na kwenye maombi ya waamini limetajwa kwa jina lako, kwa hiyo Masieda yote inalijua. Mbegu ya maboga nimeifunga ndani ya hii bahasha, mwambie wifi asiipande karibu na mahindi.

Kazi imeanza. Kuku wamehamishwa, ila mmoja amekataa, anarudi kutagia kwenye sinki na tumemwacha mpaka aangue. Matairi yote mawili yana visigino kama ulivyosema. Alfredi amepata mengine mawili Mbulu mjini, na fundi amesema ni ya saizi yake. Paa tumeziba. Nilipanda mimi mwenyewe na kitenge nimekifunga kama suruali, katekista Nikolausi akageuka akaangalia upande wa pili kwa heshima, akakaa hivyo hivyo hata ngazi ilipoanza kuteleza.

Beringi zilikuwa zinatafuna karanga, na kokoto pia. Tumevunja, tumeosha. Grisi haikupatikana dukani, nikakumbuka marehemu mama alivyokuwa anapaka mafuta ya mkia wa kondoo kwenye bawaba za mlango, na mlango ule haukulia miaka thelathini. Nimeyeyusha, nimejaza vizuri. Gurudumu linazunguka kimya kama sista. Shida ni moja tu, mbwa. Wako watano sasa, wanalamba kutwa, na hawa wawili wa mwisho siwajui wametoka kwa nani.

Alfredi ana swali, anasema nikuulize wewe uliyeendesha. Akirudisha nyuma na hiyo kitu imefungwa, usukani anaukata upande gani? Alijaribu na jenereta, ikamwendea kulia yeye akitaka kushoto, mpaka wakakutana uso kwa uso.

Judica ameandika. Popo wameongezeka. Anasema kuna mmoja anamsubiri amalize kusahihisha madaftari.

Palizi sisi tumemaliza, na nyinyi mlipanda kabla yetu. Unakuja lini?

Hilaria

---

Endasak, 8 Juni 2025

Hilaria, mdogo wangu,

Marahaba, na Mungu akubariki kwa mbegu na kwa nia. Watu wawili wamenisimamisha mnadani kuniuliza habari za goti, sijui zimefikaje.

Dada yangu, mafuta ya kondoo toa. Toa leo. Mlango wa mama ulikuwa unatembea hatua moja kwenda na moja kurudi. Gurudumu litazunguka kutoka Masieda mpaka Getanuwas, mafuta yatapata moto, yatayeyuka, yatamwagika yote, beringi itabaki kavu na itaungua. Osha kwa petroli mpaka chuma kilie kwenye kitambaa. Grisi ninakutumia kopo moja kwa huyu kondakta. Asiifungue, siyo ya kula.

Mzigo sasa. Vitu vizito viwe chini, juu ya ekseli, na kidogo viegemee mbele. Ninakujua, utataka kumpelekea Judica magunia, na utayarundika nyuma kwa sababu mlango uko huko. Usithubutu. Mzigo ukiwa nyuma, mkia unaanza kucheza, kidogo kidogo, halafu unaamua wenyewe mnakwenda wapi. Mbele kuwe na uzito wa kutosha kukalia kile kichwa cha chuma cha gari, ila mtu mmoja mwenye nguvu aweze kuunyanyua kwa taabu. Asipoweza kuunyanyua kabisa, umezidisha.

Minyororo miwili ya usalama ipite chini kwa kupishana kama mikono ya mtu anayeomba komunyo. Chuma kikichomoka kinaanguka juu ya minyororo, hakichimbi barabara. Mtungi wa gesi ufungwe na utolewe. Madirisha yafungwe. Taa za nyuma mtu asimame aone kwa macho, kushoto, kulia, breki.

Na kila mnaposimama, kitu cha kwanza kabla ya kukojoa, gusa kitovu cha kila gurudumu kwa kiganja. Kikiwa vuguvugu ni heri. Kikikuchoma, hamwendi popote.

Kurudisha nyuma ni jambo la kuelewana. Unasimama nyuma upande wa kulia, mahali ambapo uso wako unaonekana kwenye kioo. Usipouona uso wa dereva, naye hakuoni. Unatumia mkono mmoja tu, mikono miwili inamchanganya. Ngumi ni simama. Ukipiga kelele atafikiri umekanyagwa.

Ningekuja wiki ijayo, lakini ng'ombe wetu mwekundu anakaribia kuzaa, na hajawahi kuzaa nikiwa sipo.

Onesphory

---

Masieda, 2 Julai 2025

Kaka,

Shikamoo. Natumaini ng'ombe mwekundu amejifungua salama, na kama ni ndama jike mmwite jina langu, maana nimemsubiri kama wa kwangu.

Grisi ilifika, asante, kopo lilikuwa limefunguliwa na kufungwa tena, kondakta hasemi kitu. Nimeosha, nimepaka. Mbwa wamebaki wawili.

Kaka, sasa ninakuungamia, na naomba usome taratibu. Padre Clement alikumbusha tena habari ya choo baada ya misa. Wewe ulikuwa bado hujaja. Alfredi alikuwa safarini na gari. Nikafikiri, hata tukiisogeza mpaka barabarani, Padre ataona tunaondoka. Jirani yangu Hhando ana maksai jozi tatu, wanalima mashamba ya nusu ya Masieda. Akasema sanduku lile kwao ni kazi ya dakika tano. Tukawafunga.

Ile miguu minne ya kona tulipandisha mitatu. Wa nne ulikuwa na kutu, ukagoma. Hhando akasema, "Mama Judica, huo ukigusa chini kidogo hauna neno."

Uligusa chini zaidi ya kidogo. Maksai walipovuta, ule mguu ukazama ukaanza kukata udongo. Sasa wale wanyama, kaka, tangu wafundishwe kazi, wakisikia chuma kinakata udongo nyuma yao wanajua kitu kimoja tu. Wakatulia, wakainamisha vichwa, wakaenda wamenyooka kama wamepimiwa kwa kamba, toka mlango wa kanisa mpaka ua wa katekista Nikolausi. Pale ni kama urefu wa shamba. Mimi ninapiga makofi. Hhando ananiambia, "Si nilikuambia?" Halafu wakafika mwisho, wakafanya kile wanachofanya kila siku mwisho wa shamba. Wakageuka.

Hhando akapiga kelele, wakaona anawahimiza. Karavani ikageuka nao, ikala upande mmoja wa ua wa Nikolausi, mlango ukafunguka, godoro likashuka, akafuata yule kuku na mayai yake. Wakarudi mpaka kanisani, mstari wa pili sambamba kabisa na ule wa kwanza. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, ikatoka yote nje. Padre Clement akasimama kwenye ngazi, akaangalia ile mistari miwili, akaniuliza, "Mama Hilaria, tunapanda nini?"

Maksai walisimama walipoanza mstari wa tatu, kwa sababu mguu ulikatika.

Nimesawazisha uwanja kwa jembe siku mbili kama malipizi. Karavani imesimama katikati, imeinama kidogo kushoto. Sijui imeumia wapi. Judica sijamwambia, yuko hapa likizo lakini alikwenda Mbulu siku ile, na nimewaomba kwaya wote wanyamaze, ambayo ni sala ngumu. Ameshaanza kufungasha kurudi kwa popo.

Hilaria

---

Endasak, 10 Julai 2025

Hilaria,

Marahaba. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Nikamsomea Konsolata. Alicheka mpaka ugali ukaungua, na mpaka leo akiona jozi ya ng'ombe inapita anaingia ndani.

Nilikuandikia miguu yote ipande. Yote ni minne.

Usiisogeze tena. Fanya hivi. Piga magoti mbele, angalia ule mkono mrefu wa chuma unaokwenda kwenye gari. Funga uzi mwanzo wa chuma na mwisho wake. Uzi ukiachana na chuma katikati, umepinda. Kisha pima kwa uzi huo huo kutoka ncha ya mbele mpaka gurudumu la kushoto, na la kulia. Zikilingana, Mungu amekuhurumia. Zisipolingana, ekseli imesogea, tafuta nati nne kubwa zinazoishika, moja itakuwa imelegea, na kuna alama ya kutu inayoonyesha ilipokuwa imekaa zamani. Irudishe kwenye kutu yake, kaza.

Kuinama kushoto kunaweza kuwa ni upepo tu wa tairi. Anza na hilo kabla ya kulia.

Ng'ombe bado.

Onesphory

---

Masieda, 20 Julai 2025

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo, na salamu kwa wifi, mwambie acheke, sisi tumeshacheka tumemaliza.

Ilikuwa ni upepo wa tairi, na nati moja. Kutu ilikuwa pale pale uliposema. Alfredi alipoirudisha mahali pake alikaa chini akasema, "Huyu mtu amejuaje bila kuona?" Akaniomba barua zako zote. Nikaondoa vyombo mezani, nikazipanga, akasoma moja moja kwa kidole. Alfredi siyo msomaji wa haraka, ilitufikisha saa ya chai.

Akamaliza, akasema jambo ambalo ninalileta kwako kama alivyolisema, siongezi neno langu. Alisema, "Mama Judica, nimeuliza usukani unakatwa upande gani, nimejibiwa mahali pa kusimama. Hapa kuna matairi, kuna beringi, kuna minyororo, kuna mkono wa kuelekeza. Hakuna hata mahali pamoja mtu huyu amekaa ndani ya gari."

Mimi nikamwambia chai inapoa.

Kaka, kulala sikukosa, lakini rozari ya jioni ile niliisali nikichanganya mafumbo. Sikuulizi kitu. Wewe ni mkubwa wangu na ndiye uliyenifundisha kusoma, kwenye magunia ya mbolea, kabla sijaona shule. Ninakueleza tu hali ilivyo. Alfredi amejifunza kurudisha nyuma. Amefanya mazoezi uwanjani siku nne, ameikata kulia mpaka ameelewa, na Nikolausi amejenga ua wake upya mara mbili. Dereva kwa hiyo tunaye. Lakini Alfredi amesema wazi mbele ya Padre kwamba barabara ile yenye miteremko hakanyagi bila mtu wa chini. Mtu wa kugusa magurudumu, wa kuweka mawe, wa kusikia kabla yeye hajasikia. Bila utingo haondoki, na Padre amesema tarehe 8 Agosti ndiyo siku ya mwisho kutuachia gari.

Judica amerudi shuleni kwa popo wake. Amechukua na sanduku lake tupu, anasema ni la kurudia nyumbani.

Basi ninauliza, katika safari zako zote zile, hukuwahi kufahamiana na utingo mmoja mzuri, ambaye bado yuko hai? Hata kama ana goti. Tungempokea vizuri sana.

Hilaria

---

Endasak, 29 Julai 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Namfahamu mmoja.

Nimeikalia barua yako siku tano. Ng'ombe mwekundu alizaa mwezi wa Mei, dume, ameshaanza kula majani. Goti ni zima. Hilo la goti ulipolipeleka kwenye maombi ya waamini nilitaka kukuandikia, nikaona aibu, watu wazima na watoto wanaliombea goti ambalo halina kitu.

Sikuendesha, Hilaria. Miaka kumi na moja nilikuwa utingo. Nililala chini ya trela, nikafunga turubai, nikapaka grisi, nikaweka mawe. Usukani niliushika mara moja tukiwa Tunduma, gari limezimwa, dereva amekwenda kununua sigara. Nilikaa pale, nikageuza kidogo kulia, nikashuka kabla hajarudi.

Ilianza hivi. Nilirudi Krismasi ya kwanza nimevaa kofia aliyonipa dereva. Baba akanikuta na wazee uani, akauliza, "Ndiyo unaendesha hayo magari makubwa?" Alikuwa amefurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Nikasema ndiyo. Nilidhani ni neno la siku moja. Kumbe mmoja wa wale wazee ndiye aliyepeleka posa yangu kwa baba yake Konsolata, na alianza maneno yake kwa kusema anaomba binti kwa ajili ya dereva wa trela. Baada ya hapo ningeanzia wapi? Nimeungama dhambi nyingi kwa mapadre wanne. Hiyo kila mara nilipofika nayo mlangoni nilijiambia siyo dhambi, ni kofia tu.

Na harusi yako. Zile kona ni za kweli. Ila mimi nilikuwa nazitazama kutoka juu ya mzigo.

Sikukataa kuja kwa sababu simpendi Judica. Niliogopa kwamba nikifika mtanipa ufunguo.

Konsolata hajui. Nitamwambia nikirudi, siyo kabla, nisije nikaulizwa maswali nikakosa basi. Nitafika Masieda tarehe 5. Nina spana zangu, nina glovu, na mawe ninachagua mwenyewe, msiniokotee.

Onesphory

---

Endasak, 17 Agosti 2025

Hilaria mdogo wangu,

Marahaba, na hongera kwa kipaimara, nimesikia uwanja ulikuwa mweupe na mistari haikuonekana. Nakuandikia kukusimulia safari, kwa kuwa ulibaki kwa ajili ya mapishi, na Alfredi najua atakusimulia vibaya.

Ile asubuhi uliona wote mmeshaaga, Alfredi amewasha, anataka kuondoka. Nilikuwa bado chini. Nikamalizia minyororo, nikaangalia taa, nikasimama ubavuni nikagonga bodi mara mbili. Akaenda. Ilikuwa ni miaka ishirini na sita sijagonga bodi ya gari, na sikuwa nimefikiri, mkono ulikwenda wenyewe.

Haydom tulifika vizuri, magurudumu vuguvugu. Kabla ya mteremko nilimsimamisha, nikamwambia aingize gia ndogo tukiwa bado juu, asisubiri katikati, na breki aiguse na kuiacha. Akasema, "Sawa mzee." Kwa mwendo ule tulipitwa na bodaboda iliyobeba kitanda. Tulipofika karibu na Basotu nikagusa kitovu cha kushoto, kikanichoma. Nikainua, nikafungua. Hilaria, ulisema umeosha. Kulikuwa na mafuta ya kondoo nyuma kabisa ya beringi, yanachemka. Watu wa pale walisogea wakiuliza nyama iko wapi. Nikasafisha, nikapaka grisi, saa nzima, Alfredi amekaa kwenye jiwe ananiangalia kama mtu aliye kanisani.

Getanuwas tuliingia saa tisa alasiri. Judica alitoka darasani na chaki mkononi. Alizunguka, akafungua mlango, akaufunga, akafungua tena, kisha akaingia akajifungia kwa ufunguo na tukamsikia anacheka huko ndani peke yake. Mama mmoja wa jirani, wa wafugaji, alileta maziwa, akaizunguka nyumba mara tatu, akauliza ndama watalala upande gani. Judica amemwahidi kumjibu. Miguu nimeshusha yote, ule uliokatika nimeweka gogo la mwiba, haliliwi na mchwa. Lile sanduku lake tupu amewapa watoto waweke vitabu.

Sasa mwalimu mkuu, Mwalimu Emanuel, akaja kushukuru, na Judica, mtoto mwenye adabu, akanitambulisha mbele ya walimu wote. "Huyu ni mjomba wangu, dereva wa trela, Dar mpaka Lubumbashi." Wakaanza kunipa mikono.

Nikasema, "Hapana, mama. Dereva ni Alfredi yule. Mimi ni utingo."

Judica akanitazama. Mwalimu mkuu akasema, "Vizuri, kuna tenki la maji shuleni liko juu ya magurudumu, halijasogea miaka miwili, hakuna anayejua lina nini." Nikaenda kuliangalia. Lilikuwa ni beringi. Nilibaki siku tatu.

Nyumbani nilimwambia Konsolata akiwa anachambua maharage. Nilieleza yote, toka kofia mpaka posa. Akaendelea kuchambua. Akasema, "Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikuwa nakufulia nguo. Mgongo ndio uliokuwa na grisi. Dereva gani anaendesha akiwa amelalia mgongo?"

Nikamuuliza kwa nini amenyamaza miaka yote hii, hata baba yake alipokuwa akinisifia kwa wageni.

Akasema, "Baba alitaka dereva. Mimi hakuna aliyeniuliza nataka nani." Kisha akanipa ungo nimsaidie, akahamia upande wa pili wa kivuli, na tukachambua mpaka yakaisha.

Mungu akutunze huko juu. Judica anasema popo wamebaki na majembe.

Onesphory